Hemini: chuma cha damu na jirani zake

Sisi tunaosoma lugha tunajua kwamba kitenzi piga, kikisimama peke yake, hakisemi mengi. Piga simu, piga pasi, piga picha, piga magoti: jina linalofuata ndilo linaloamua kazi yake. Katika damu yetu kuna kitu chenye tabia kama hiyo. Wanakemia wanakiita hemini, jina lililotokana na neno la Kigiriki haima, yaani damu. Mahali kilipo na jirani aliye nacho ndivyo vinavyoamua kama kitatusaidia kuishi, kitatuponya au kitatudhuru.

Hemini ni molekuli bapa. Pete nne ndogo zimeungana kuwa pete moja kubwa, na katikati yake imeshikwa atomu moja ya chuma. Chuma hicho kina hali mbili. Kikiwa na chaji mbili chanya, molekuli huitwa hemu. Hiyo ndiyo iliyomo ndani ya protini ya hemoglobini, nayo hupokea oksijeni mapafuni na kuiachia mwilini. Chuma kikipoteza elektroni moja zaidi, chaji huwa tatu, na molekuli, ikiwa imeshikana na kloridi, huitwa hemini. Katika hali hii haiwezi tena kubeba oksijeni. Elektroni moja tu ndiyo inayotenganisha kazi hizo mbili.

Watu walijua fuwele za hemini kabla ya kujua umbo lake. Mwaka 1853 Ludwik Teichmann alionyesha kwamba damu iliyokauka, ikichanganywa na chumvi kidogo na asidi kali ya siki kisha ikapashwa moto, hutoa fuwele ndogo za rangi ya kahawia. Njia hiyo ilitumika baadaye katika uchunguzi wa jinai, kuthibitisha kwamba doa fulani ni la damu. Hans Fischer, mwanakemia wa Ujerumani, alifaulu kuitengeneza hemini katika maabara, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Alichunguza pia klorofili, rangi ya kijani ya mimea, ambayo ina pete inayofanana na ya hemini, ila katikati yake kuna magnesiamu badala ya chuma. Kwa hiyo ukijani wa sombe na wekundu wa damu yetu ni ndugu wa karibu.

Kazi nyingine ya chuma hiki ni kuharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kuisha, yaani kuwa kichocheo. Muuguzi akimwaga hidrojeni peroksidi juu ya kidonda, povu hutokea mara moja. Linaletwa na katalasi, kimeng'enya chenye hemu ndani yake, kinachogeuza dawa hiyo kuwa maji na oksijeni. Hemini peke yake hufanya kazi ya namna hii kwa udhaifu. Lakini wataalamu wamegundua kwamba ikishikana na kipande cha DNA kilichojikunja kwa namna maalumu, nguvu yake huongezeka sana. Hutumia jambo hilo kubuni vipimo vinavyobadilika rangi. Jirani amebadilika, na kazi imebadilika.

Hemini ni dawa pia. Katika porfiria kali, ugonjwa adimu wa kurithi, ini hulimbikiza vitu vinavyotangulia utengenezaji wa hemu, na mgonjwa hupata maumivu makali ya tumbo. Hemini ikiingizwa kwenye mshipa, ini hupata ishara kwamba hemu ipo ya kutosha, hivyo hupunguza utengenezaji huo.

Lakini nje ya mahali pake, hemini ni hatari. Katika ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita drepanositozi, chembe nyekundu za damu hupasuka mapema. Hemoglobini humwagika, na hemini inayotoka humo huharibu mafuta ya utando wa seli. Mwili una walinzi: hemopeksini, protini ya damu, huikamata hemu iliyo huru, kisha kimeng'enya kingine huivunja. Chuma huhifadhiwa, kinachobaki huwa kijani, halafu manjano. Ndiyo maana alama ya kugongwa hubadilika rangi siku hadi siku, na ndiyo maana macho ya mgonjwa wa drepanositozi huweza kuwa ya manjano.

Adui anayetuhusu zaidi ni malaria. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, nchi yetu ni ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa. Kimelea cha malaria hula hemoglobini, lakini hemu inayobaki ni sumu kwake. Kwa hiyo huigandisha kuwa fuwele nyeusi zisizomdhuru, ziitwazo hemozoini. Weusi huo ndio uliovuta jicho la Alphonse Laveran alipogundua kimelea hicho huko Algeria mwaka 1880. Klorokwini huzuia ugandishaji huo, na kimelea hufa kwa sumu ya mlo wake. Artemisinini, iliyompatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015, huamshwa na chuma cha hemu na kukishambulia kimelea kutoka ndani.

Sasa huko Rwanda na Uganda, jirani zetu, wameonekana vimelea wanaostahimili kwa kiasi artemisinini. Mabadiliko katika protini yao moja huwafanya wale hemoglobini kidogo zaidi wakiwa wachanga. Hemu ikipungua, dawa haiamki vya kutosha. Ndiyo sababu artemisinini hutolewa pamoja na dawa ya pili, kwa siku tatu: ya kwanza hupunguza vimelea haraka, ya pili humaliza waliobaki. Anayeacha vidonge siku ya pili kwa sababu homa imeshuka huwaachia hao waliobaki nafasi ya kuongezeka.

Wengi wetu tutaitwa kutafsiri maelezo ya dawa au kuandika matangazo ya redio. "Maliza dozi" ni amri, na amri isiyo na sababu husahaulika upesi. Tukiielewa hemini, tunaweza kuandika na sababu yake.