Mashine za Kuoshea Bustani: Hatari Zake na Bima Impasayo Fundi

Mwambao wa Malindi, Watamu na Kilifi una nyumba nyingi zenye bustani kubwa, vijia vya mawe ya Mazeras na mabaraza yaliyoelekea baharini. Mvua za masika zikisha kunyesha, mawe hayo hufunikwa na utando wa kijani, nao humtelezesha mwenye nyumba na mgeni wake pia. Zamani utando huo uliondolewa kwa brashi na mchanga. Sasa kuna kazi mpya: kijana hununua mashine ya kusukuma maji kwa nguvu, huajiri vibarua wawili, na hupita nyumba kwa nyumba akiosha vijia, kuta na nyua. Kazi hii ni halali na ina faida yake. Lakini wengi waifanyao hawajaelewa nguvu ya maji hayo, wala mzigo ambao sheria imemtwika mtu aajiriye wenziwe.

Tuanze na maji. Upepo uliomo ndani ya gurudumu la motokaa ndogo una nguvu ya pauni 30 hivi kwa kila inchi ya mraba. Mashine ndogo ya umeme hutoa maji kwa nguvu ya pauni 1,500 hadi 2,000, na zile za petroli huweza kupita 3,000. Maji ya namna hiyo hutoboa ngozi, na glovu ya kawaida haiyazuii. Tena jeraha lake ni la kudanganya. Tundu huonekana dogo kama la sindano, halitoki damu nyingi, na mtu hulifunga kitambaa akaendelea na kazi. Kumbe ndani, maji machafu pamoja na sabuni yamekwisha kupenya katikati ya nyama na mishipa. Mkono huvimba, damu hukosa njia, na huenda kidole kikakatwa. Mtu aliyepatwa na jambo hili apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aelezwe wazi kwamba ni jeraha la mashine ya maji, maana asipoambiwa aweza kulidhania kuwa ni mchomo wa mwiba.

Kwa sababu hiyo mdomo wa bomba usielekezwe kwa mtu hata kwa mzaha. Ile desturi ya vibarua kuoshana matope ya miguuni kwa mashine jioni, kazi ikiisha, yapasa ikomeshwe kabisa. Avae buti, suruali ndefu na miwani ya kukinga macho yule ashikaye bomba, kwa kuwa vijiwe na mchanga huruka kwa kasi. Asipande ngazi akiwa nalo, kwani bomba husukuma nyuma na kumwangusha. Kuta ndefu zaoshwa kwa bomba la kurefusha, mtu akiwa amesimama chini. Na kabla ya kuwasha, atazame chini ya makuti na katika nyufa za ukuta asije akawachokoza nyuki.

Umeme na maji havipatani. Waya wa kuunganishia usilale katika dimbwi, na soketi iwe na ile swichi ya kinga ambayo hukata umeme mara unapovuja. Mashine ya petroli nayo isiwashwe ndani ya stoo wala mahali palipofungwa, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu kabla hajatambua. Dawa ya kung'arishia nguo isichanganywe na asidi ya kusafishia vyoo. Mchanganyiko huo hutoa mvuke uumizao mapafu.

Kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa, kama zile za nyumba za kale za Malindi, Mambrui na Takaungu, kwa maoni yetu hazistahili mashine hata kidogo. Maji ya nguvu hung'oa chokaa, jiwe likabaki wazi kuliwa na chumvi ya bahari. Ndoo na brashi laini vyatosha, ijapokuwa kazi huchukua siku mbili badala ya moja.

Sasa tuje katika bima. Wasomaji wetu wengi wamo katika vyama vya kuzikana: kila mtu hutoa kidogo kila mwezi, na msiba ukimfikia mmoja, fedha za wote humsaidia. Bima ni jambo lilo hilo, ila hufanywa na kampuni kwa mkataba ulioandikwa.

Bima ya kwanza ni ile ya wafanyakazi, nayo si hiari. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya mafao ya walioumia kazini yamtaka kila mwajiri awe na bima kwa ajili ya watu wake. Baadhi ya vifungu vyake vilipingwa mahakamani kwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoikubali sheria hiyo Desemba 2019. Wako wadhanio kwamba sheria hii yawahusu wenye viwanda tu. Sivyo. Hata mwenye mashine moja na vibarua wawili awalipao ujira ni mwajiri. Kibarua akifa kwa ajali ya kazi, fidia kwa wamtegemeao huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Tuseme alikuwa akipata shilingi 15,000 kwa mwezi: hiyo ni shilingi 1,440,000. Ni fundi gani mwenye mashine moja awezaye kuzitoa mfukoni mwake? Tena gharama za matibabu ni juu ya mwajiri, na aliyelazimika kuacha kazi kwa siku tatu au zaidi ana haki ya kulipwa mapato yake kwa muda usiozidi miezi 12.

Ajali sharti iarifiwe kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini: mwajiri ana siku saba tangu alipopata habari, na ikiwa mtu amekufa, taarifa itolewe kwa saa 24. Madai ya fidia yaletwe kabla ya miezi 12 kupita.

Hapa pana jambo moja ambalo husahauliwa. Fundi mwenyewe, mwenye mashine, si mwajiriwa wa mtu. Basi bima hiyo haimlindi. Akitaka naye alindwe, anunue bima ya ajali kwa jina lake mwenyewe.

Bima ya pili ni ya madhara kwa watu wengine: jiwe likiruka na kuvunja kioo cha jirani, au mpita njia akijikwaa katika mpira wa maji. Nayo isomwe kwa makini, kwa kuwa mikataba mingi ya namna hii haiwajibiki kwa kile kitu chenyewe kinachooshwa. Kioo cha jirani kitalipwa, lakini vigae ulivyovibandua mwenyewe huenda visilipwe. Uliza kabla ya kutia sahihi. Uliza pia ni kiasi gani cha kwanza utakachokibeba wewe, na ueleze kazi yako kama ilivyo. Aliyeandika kwamba yeye ni mtunza bustani tu, kumbe aosha kwa mashine, aweza kunyimwa malipo. Wakala awe na leseni ya mwaka huo kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Bima.

Mwenye nyumba, kwa upande wake, aombe kuiona hati ya bima kabla ya kufungua mfereji. Na kwa kuwa fidia huhesabiwa kwa mapato, fundi awe na daftari la jina la kila kibarua, tarehe na ujira aliolipwa, likiwa na sahihi au dole gumba lake.