Fundi ana miaka kumi kazini, leseni hana

Tangu Rais John Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma, vitu viwili vimekuwa na wateja wa uhakika mjini humo: viwanja na mafundi. Kiwanja huuzwa kwa karatasi. Fundi, mara nyingi, huuzwa kwa sifa za mdomo tu.

Mafundi wengi wanaojenga Nkuhungu, Ilazo na Nzuguni walijifunza kwa fundi mkuu, wakianza na kubeba zege na kushika ngazi. Mwashi na seremala hawabanwi sana, kwani anayetakiwa kusajiliwa ni mkandarasi, chini ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) iliyoundwa kwa sheria ya 1997.

Fundi umeme ana habari nyingine. Leseni yake hutolewa na EWURA, kwa madaraja, na mwombaji hupimwa kwa elimu ya fani pamoja na uzoefu. Miaka ya kazi inahesabiwa, lakini juu ya cheti, si badala yake.

Hasara haiishii kwa fundi. Ombi la kuunganishiwa umeme TANESCO linahitaji uthibitisho wa mkandarasi mwenye leseni kwamba nyaya zimetandazwa ipasavyo. Asiye na leseni hulazimika kumtafuta mwenye nayo amsainie, na bei ya saini hiyo mwishowe humwangukia mwenye nyumba. Kwa aliyejenga nyumba ya wageni kwa mkopo, kila wiki ya kusubiri umeme ni riba bila mgeni.

Njia ipo VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Katika urasimishaji wa ujuzi, fundi aliyejifunzia kazini haanzi moja darasani. Wapimaji humwangalia akifanya kazi, humhoji, kisha hupewa mafunzo mafupi palipo na pengo, tuseme kusoma michoro au usalama kazini. Akifaulu hupata cheti. Zipo awamu ambazo Serikali imelipia, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Hata hivyo fundi wa kutwa hupima kwanza siku atakazokosa malipo, na hesabu hiyo si ya kudharau.

Kikwazo kingine ni ushahidi. Fundi mkuu haandiki barua, na akihama mji miaka yote ya mwanafunzi wake huhama naye. Wenye miradi wangeweza kusaidia kwa barua fupi yenye tarehe na aina ya kazi iliyofanyika. Wao nao waulize leseni kabla ya kutoa malipo ya awali, si siku ya kujaza fomu ya TANESCO.