Kimbunga cha Mbali na Mawimbi ya Pwani

Wavuvi wa Malindi na Kipini wanajua jambo hili. Siku moja mbingu zi safi na upepo umetulia, lakini kutoka bahari kuu yaja mawimbi marefu, yenye nafasi pana baina yake, yakivunjika juu ya mwamba kwa kishindo. Upepo uliyoyaleta mawimbi hayo haupo hapo. Pengine umevuma siku mbili au tatu kabla, katika kimbunga kilicho mbali sana kusini.

Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la digrii 26 na nusu au zaidi. Mvuke hupanda, hewa ya pembeni hukimbilia kujaza nafasi yake, na mzunguko wa dunia huipinda hewa hiyo hata ikazunguka. Karibu na Ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni dhaifu mno. Kwa kuwa pwani yote ya Kenya iko ndani ya digrii 5 za Ikweta, ni nadra sana kufikiwa na kimbunga chenyewe. Jirani zetu hawana kinga kama hiyo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu mingi mno. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikawaonya watu wa pwani juu ya upepo mkali na mawimbi makubwa.

Wimbi hukuzwa na nguvu za upepo, muda unaovuma, na upana wa maji unayopitia. Kimbunga kina yote matatu. Kusini ya Ikweta huzunguka kama mishale ya saa, na upande wake wa kushoto, ukitazama kiendako, upepo na mwendo wa kimbunga huelekea mamoja; huko ndiko mawimbi makubwa kupita yote huzaliwa. Mawimbi marefu hutangulia mafupi. Yale yapishanayo kwa sekunde 12 husafiri karibu kilomita 800 kwa siku, wala hayachoki upesi. Basi mwenye ngarawa asiridhike kwa kuwa tanga limelegea. Na ahesabu sekunde kati ya wimbi na wimbi, kwani nafasi hiyo ikizidi ya kila siku, kuna dhoruba mahali.

Kimbunga pia huigeuza bahari yenyewe. Upepo wake huyavuruga maji hata chini sana, na maji baridi ya kilindini hupanda juu. Nyuma yake hubaki njia ya maji yaliyopoa, ambayo huenda ikachukua majuma kadhaa kupata joto tena. Kimbunga kingine kikipita hapo hudhoofika, kwa kukosa chakula.

Mkulima wa bara naye ahusika, ingawa hajaiona bahari. Kimbunga kikisimama mashariki ya Madagaska, huweza kuvuta upepo wa magharibi wenye unyevu kutoka Kongo ukapita juu ya nchi yetu. Mwezi wa Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa upande huo, na Kenya ikapata mvua kubwa kupita kiasi. Lakini kikiingia katika Mlango wa Msumbiji, mara nyingi huuvuta unyevu kwenda kwake. Mwezi wa Machi 2019 kimbunga Idai kiliuangamiza mji wa Beira, na watu zaidi ya 1,000 wakafa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Wakati huo huo wakulima wa Kenya walikuwa wamekwisha kulima, wakiingojea masika iliyochelewa.

Ndiyo maana siku hizi mabingwa wa hali ya hewa, kabla ya kutabiri masika, hutazama pia bahari ya Madagaska. Mkulima asikiaye katika redio kwamba kimbunga kimeingia Mlango wa Msumbiji mwezi wa Machi, afadhali aizuie mbegu yake ghalani kwa siku chache.