Laptopu ya Kwanza, Skrini Kubwa: Wanavyosema Waliozinunua Kibera na Kawangware

Shilingi 30,000 ni siku 150 za kuweka bob 200 bila kuruka hata siku moja. Kwa wengi wa wateja wa Kibera na Kawangware tulioongea nao, hivyo ndivyo laptopu ya kwanza ilivyopatikana: kidogo kidogo kwenye akiba ya simu, au kwa kungoja zamu ya chama, halafu safari moja ya mjini pesa yote ikiwa kwa laini. Ukiuziwa vibaya siku hiyo, unaanza kuhesabu upya. Basi tukawauliza waliotangulia: ile kubwa uliyochukua, ya inchi 15.6 kwenda juu, ungeinunua tena?

Majibu hayakufanana, na tofauti haikuletwa na bei wala jina lililoandikwa kwenye kifuniko. Wale ambao laptopu yao hukaa mahali pamoja wanaisifu. Wale wanaoibeba kila siku, karibu wote wangechukua ya inchi 14.

Inayokaa na inayotembea

Tuanze na mama mwenye saiba ndogo Kawangware, si mbali na stejini ya 46. Kazi yake unaijua: ritani za KRA, eCitizen, cheti cha tabia njema, fomu za HELB, barua za kazi. Laptopu aliyoazima mwanzoni ilikuwa ndogo, kwa hivyo mteja alikuwa anasoma nambari ya kitambulisho kwa sauti kutoka ng'ambo ya kaunta, naye anaandika. Tarakimu moja ikipotea, mabishano. Siku hizi anaigeuza skrini, mteja anajisomea jina lake mwenyewe herufi kwa herufi, ndipo fomu inatumwa. Mwezi wa Juni, watu wanapokimbizana na tarehe 30 ya ritani, anasema hilo peke yake limemrudishia nusu ya bei. Tunamwamini, ingawa hatukumwomba vitabu vya hesabu.

Kitu kingine alichokisifu, na ambacho tulikisikia kwa watu kadhaa, ni zile nambari zilizopangwa kama kikokotoo upande wa kulia wa kibodi. Laptopu nyingi za inchi 15.6 zinazo, za inchi 14 kwa kawaida hazina. Wakala mmoja wa pesa huko Makina anaingiza floti na makato yake kila jioni akifunga duka, na anasema bila hizo nambari angerudia daftari. Wanaoandika maneno mengi huzilalamikia. Mikono inasukumwa kushoto, mwili unakaa upande, na bega hukukumbusha usiku. Kwa hivyo jiulize kwanza: kazi yangu ni ya hesabu au ya maandishi?

Sasa sikia upande wa pili. Kijana mmoja wa Olympic, pale Kibera, anafanya kazi za mtandaoni za kugeuza sauti kuwa maandishi. Kwa kazi yenyewe, skrini kubwa ilimfaa sana: upande mmoja sauti, upande mwingine maandishi, hakuna kufungua na kufunga. Lakini intaneti ya nguvu haiko kwake nyumbani, kwa hivyo laptopu inatembea naye. Mashine ya saizi hiyo ina kama kilo mbili, nyingine zaidi, na chaja haijahesabiwa. Unaipakata kwenye matatu iliyojaa. Halafu jioni kuna ile njia ya kutoka stejini hadi nyumbani, ambapo mkoba wa laptopu unajulikana kwa mbali. Yeye aliacha mkoba aliopewa dukani, akatafuta begi kuukuu la shule. Ya inchi 17 hata hakuiangalia, kwa sababu haingeingia humo.

Angeanza upya, anasema, angenunua inchi 14 ya kutembea nayo, na baadaye skrini ya kompyuta ya mezani, ya mitumba, iwe nyumbani anaiunganisha kwa waya akirudi. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo akili bora tuliyoisikia katika mazungumzo haya yote.

Kuna kundi la tatu: wanaoishi chumba cha futi kumi kwa kumi, ambamo kitanda ndicho meza. Blanketi huziba matundu ya hewa yaliyo chini ya laptopu. Mchana, na mabati yakiwa yamepata moto, feni inalia kama posho mill. Mzazi mmoja wa Gatwekera hutumia sinia: anaiweka kitandani, laptopu juu yake, watoto wanafanya hesabu. Sinia hiyo haina kazi nyingine tena.

Kuhusu stima, watu wengi huogopa bure. Chaja ya wati 65 ikifanya kazi kwa nguvu yake yote saa tano inakula uniti 0.325 tu, yaani haifiki hata theluthi moja ya uniti. Kwenye ploti ambazo stima hulipwa pamoja na kodi ni vizuri kumwonyesha keateka hesabu hiyo kabla hajakuongezea. Cha kuogopa ni stima ikirudi baada ya blakauti. Wengi huchomeka laptopu kwa TV guard, kama wanavyofanya kwa televisheni, na wako sahihi.

Inchi 15.6 za nini hasa?

Inchi za skrini hupimwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Ukitoka inchi 14 kwenda 15.6, eneo la skrini linaongezeka kwa kama robo. Ni kubwa, ndiyo. Ila eneo halikuambii utaona vitu vingapi.

Picha ya skrini hufanywa na vitone vidogo vidogo. Laptopu nyingi za zamani zina vitone 1366 kwa 768. Nyingine, za saizi ile ile, zina 1920 kwa 1080, ambavyo ni karibu mara mbili. Ile ya kwanza, hata iwe inchi 15.6, inakuonyesha mistari ile ile unayoiona kwenye inchi 14 yenye vitone sawa, ila imenenepeshwa. Kama macho yako yamechoka, hilo linaweza kukufaa. Kama ulitaka kurasa mbili zikae sambamba, umenunua uzito bure. Dukani, fungua mipangilio ya skrini usome hizo namba mwenyewe. Ni jambo la sekunde ishirini, na karibu kila mtu aliyejuta kwa sababu ya skrini alijuta kwa hili.

Kabla hujaondoka dukani

Nyingi ya laptopu za kwanza hutoka kwenye maduka ya Moi Avenue, Luthuli na barabara za karibu, na ni zile zinazoitwa ex-UK: zilitumika ofisini huko nje, zikauzwa. Kuna faida moja ndogo inayochekesha: plagi yake ya pini tatu inaingia kwenye soketi zetu bila adapta. Kibodi nayo huwa na alama ya pauni juu ya 3, usishtuke.

Jambo zito ni umri. Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa masharti ya Microsoft yenyewe, inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Kizazi unakisoma kwenye jina la prosesa: i5-8250U ni cha nane, i5-6300U ni cha sita. Lisome ndani ya mashine, kwenye mipangilio, maana stika ya nje hubandikwa na mtu yeyote. Tumeona laptopu kubwa na safi za kizazi cha sita zikiuzwa bei ya cha nane, na skrini ndiyo iliyofanya mnunuzi asiulize.

Chomoa chaja uifanyie kazi robo saa. Ukitaka uhakika, mwombe muuzaji aandike amri ya powercfg /batteryreport. Ripoti inayotoka inakuonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa umebaki kiasi gani. Bonyeza kila herufi. Fungua na ufunge kifuniko mara kadhaa, kwa sababu skrini kubwa ni nzito na bawaba ndizo hulegea. Halafu izime na kuiwasha tena mbele yako. Ikiomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, au ikileta jina la kampuni fulani ya ng'ambo, irudishe tu.

Pesa iko kwa simu, na ibaki hapo kwanza

Mnunuzi mmoja wa Kawangware aliona laptopu ya inchi 17 mtandaoni, bei nzuri, picha nzuri. Akaambiwa watu ni wengi, atume 5,000 ishikiliwe. Akatuma kwa nambari ya simu ya mtu. Baadaye akaombwa 1,500 ya mjumbe, akatuma hiyo pia. Nambari ikazimwa. Zilikuwa siku zaidi ya 30 za akiba yake, na laptopu hakuigusa.

Usitume deposit kwa kitu ambacho hujakiwasha. Lipa ukiwa dukani, kwa Till ya duka. Kwa Till ya Buy Goods ya Lipa na M-Pesa mnunuzi hakatwi ada, tofauti na kumtumia mtu. Kabla hujaweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Liwe la duka, lilingane na la kwenye risiti. Ukiambiwa Till iko chini leo, tuma kwa hii ya ndugu yangu, una haki ya kwenda kunywa chai na kurudi Till ikiwa juu. Ukikosea nambari, usingoje: kwa M-Pesa, sambaza ule ujumbe wa muamala kwenda 456 papo hapo, kwa sababu aliyepokea akishatoa pesa, huwa hakuna kilichobaki cha kurudishwa.

Wengine walituuliza kuhusu kukopa. Hustler Fund, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka, ambayo ni nafuu, lakini mkopo wa mtu binafsi hulipwa kwa siku 14. Laptopu haitakuwa imelipa chochote kwa siku 14. Ikiwa imebaki 2,000 na kazi inakungoja, ni sawa. Kukopa bei nzima kwa muda huo, hapana.

Na risiti iwe na nambari ya siri ya mashine, ile iliyo chini yake. Ilinganishe na ile ya mashine yenyewe, ipige picha, utunze na ujumbe wa malipo. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini hivyo, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Laptopu ya 30,000 inayouzwa 9,000 jioni stejini, bila chaja, ni sababu ya kutosha.