Gauni Umeliona, Habari Umeisikia?

Mwanaume anaweza kuvaa suti moja mwaka mzima kwenye TV na hakuna atakayegundua. Mwanamke akirudia blauzi wiki hiyo hiyo, maneno hayaishi. Kwa nini iwe hivyo, na bili ya mambo haya inalipwa na nani?

Saa mbili kamili usiku, taarifa ya habari. Dada anatokea kwenye skrini, na kabla hajamaliza hata muhtasari, kesi yake imeshaanza kusikilizwa sebuleni. "Hilo wigi nalo, jamani!" "Huyu kanenepa au ni mjamzito?" "Lile gauni limembana hivyo, anapumuaje?" Habari ikiisha, muulize mmoja wa majaji hao mafuta ya petroli yamepanda kwa shilingi ngapi. Hajui. Lakini rangi ya lipstiki atakutajia, na duka inakouzwa atakuelekeza.

Na yule kaka aliyekuwa amekaa meza moja na dada? Alivaa nini? Ah, suti. Rangi gani? Kimya.

Tunaweza kucheka, maana wengi wetu tunajijua. Ila hukumu hizi za kwenye kochi haziishii kwenye kochi. Zinafika ofisini kwa mabosi wa vituo, zinaingia kwenye mikataba, na kuna watu zimewatoa kazini.

SUTI MOJA, MWAKA MZIMA

Nchini Australia kuna kipindi cha asubuhi kinaitwa Today, kwenye kituo cha Channel Nine. Kwa miaka mingi kiliendeshwa na wawili, Karl Stefanovic na Lisa Wilkinson. Mwaka 2013 Lisa alipewa heshima ya kutoa mhadhara wa kila mwaka wa wanahabari, ule wa kumkumbuka Andrew Olle. Akaeleza namna wanawake wa TV wanavyoandamwa kwa sura na mavazi, na akatoa mfano wa barua pepe anazopokea yeye mwenyewe kutoka kwa watazamaji.

Karl akaamua kufanya jaribio la kimya kimya. Akachukua suti moja ya bluu, ya bei ya kawaida tu, akawa anaivaa kazini siku baada ya siku, akibadilisha shati na tai. Mwaka ukakatika. Novemba 2014 akatoa siri yake hadharani: hakuna mtazamaji hata mmoja aliyeshtuka! Muda wote huo wenzake wa kike waliendelea kupokea maoni kuhusu nguo zao kama kawaida. Kwa maelezo yake, yeye hupimwa kwa mahojiano anayofanya na hata kwa utani wake mbaya, lakini wenzake wanapimwa kwa walichovaa.

Stori haikuishia hapo. Oktoba 2017 Lisa aliondoka Channel Nine, na kilichoripotiwa sana ni tofauti ya mshahara kati yake na Karl. Meza moja na saa zile zile za kuamka alfajiri, lakini anayedaiwa gauni jipya kila siku siye aliyeripotiwa kulipwa zaidi.

KAMERA NAYO INA MAMBO YAKE

Tusiwe wanafiki. TV ni picha, na kamera ina masharti yake ambayo hayana ubaguzi. Nguo yenye mistari myembamba sana au vidoti vidogo hucheza-cheza kwenye skrini mpaka macho yanauma. Mtangazaji wa hali ya hewa anayesimama mbele ya pazia la kijani akivaa kijani, tumbo lake linageuka ramani na mvua ya Bukoba inamnyeshea kifuani. Taa za studio nazo hung'arisha uso wa yeyote, ndiyo maana hata kaka naye hupakwa poda.

Tofauti inaanzia hapo kwenye poda. Kaka hupakwa kidogo, dakika chache, amemaliza. Dada ana nywele, ana kope, ana nyusi, ana kucha, na anatakiwa kufika mapema zaidi ili yote hayo yawe tayari. Muda ambao kaka anapitia habari zake kwa mara ya pili, dada yuko kwenye kiti cha mpambaji amefumba macho.

Hata vifaa vilitengenezwa kwa kumfikiria mwenye suti. Kile kipaza sauti kidogo kinabanwa kwenye kola ya koti au kwenye tai, na kile kiboksi chake kinaning'inizwa kwenye mkanda wa suruali. Gauni halina kola wala mkanda! Dada anaishia kubanwa kiboksi mgongoni kwa ndani, nyaya zikipitishwa chini ya nguo, na hapo ndipo anapochagua nguo kwa kufuata maiki badala ya kufuata anachokipenda.

Halafu kuna pesa. Kuna vituo vinavyotoa posho ya mavazi, na kuna watangazaji wanaoazimwa nguo na wabunifu au maduka ili jina la duka litajwe mwishoni. Asiye na bahati hiyo anajitegemea: fundi, saluni na viatu vinatoka kwenye mshahara wake. Mwenzake mwenye suti tatu na tai sita anamaliza mwaka bila presha.

KUTOKA SEBULENI HADI KWENYE MKATABA

Mwaka 1981 huko Kansas City, Marekani, Christine Craft alianza kusoma habari katika kituo cha KMBC. Washauri wa kituo wakampangia mpaka kalenda ya mavazi, siku gani avae nini. Baada ya watazamaji kuulizwa maoni yao, akashushwa cheo. Christine alisema aliambiwa amezeeka, hana mvuto wa kutosha na hawanyenyekei wanaume inavyotakiwa. Alikuwa na miaka 36! Alikwenda mahakamani, na mara mbili wazee wa baraza, mwaka 1983 na 1984, wakaamua alipwe fidia ya mamia ya maelfu ya dola. Mara mbili majaji wakatengua, na mwaka 1986 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri lake.

Uingereza, Miriam O'Reilly aliondolewa kwenye kipindi cha BBC cha Countryfile mwaka 2009, akiwa na miaka 50 na ushee. Naye akashtaki. Januari 2011 baraza la kazi likakubali kwamba alibaguliwa kwa sababu ya umri, na BBC ikamwomba radhi.

Misri, Agosti 2016, shirika la utangazaji la serikali liliwasimamisha watangazaji wanane wa kike kwa mwezi mmoja ili wakapunguze uzito. Mkuu wa shirika aliyetoa agizo hilo, Safaa Hegazy, alikuwa mwanamke, na yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtangazaji. Kwa hiyo kina dada, tusijifiche nyuma ya wanaume. Majaji wengine wakali ni sisi.

Na kama unadhani hayo ni ya zamani, angalia Kanada. Lisa LaFlamme alifanya kazi CTV kwa miaka 35 na alikuwa sura kuu ya habari za usiku. Wakati wa Korona, saluni zilipofungwa, akaacha kupaka nywele rangi, mvi zikatokeza. Agosti 2022, akiwa na miaka 58, akatangaza kwamba mkataba wake umekatishwa. Kampuni ikasema ni uamuzi wa kibiashara. Gazeti la Globe and Mail likaripoti kwamba bosi mmoja aliwahi kuuliza ni nani aliyeruhusu nywele za Lisa ziwe na mvi. Mtangulizi wake kwenye kiti kile kile, Lloyd Robertson, alistaafu mwaka 2011 akiwa na miaka 77. Mvi za baba zinaitwa busara. Za mama zinaitwaje?

AFUNIKE AU AFUNUE?

Kuna wanaosema, "Dawa ni kuvaa kwa heshima tu, maneno yataisha." Jamani, hayaishi!

Kwa miaka mingi televisheni ya taifa ya Misri haikuwaruhusu wanaovaa hijabu kusoma habari. Fatma Nabil alipotokea na hijabu yake mwezi Septemba 2012, ikawa habari ya dunia nzima. Uturuki, Oktoba 2013, msemaji wa chama tawala alilalamikia gauni la mtangazaji mmoja kuwa liko wazi mno kifuani. Mtangazaji huyo, Gözde Kansu, akaondolewa kwenye kipindi. Afghanistan, Mei 2022, Taliban waliamuru watangazaji wa kike wafunike nyuso hewani. Wenzao wa kiume wa kituo cha TOLOnews wakavaa barakoa na wao, kuonyesha kwamba wako pamoja.

Huku mwanamke kakatazwa kufunika, kule kakatazwa kufunua. Vipimo vinapingana kabisa, lakini wote wanne, tukimhesabu na yule wa mvi, wanafanana kwa jambo moja: mwenye mwili siye aliyeulizwa.

NYUMBANI JE?

Wanawake tunaowaona kwenye TV si watangazaji peke yao. Wabunge pia. Septemba 2018 Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alipiga marufuku kope na kucha za bandia bungeni Dodoma, baada ya naibu waziri wa afya kueleza madhara yake. Juni 1, 2021, Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa ukumbini baada ya mbunge mwenzake wa kiume kulalamikia suruali yake. Picha zikasambaa nchi nzima. Huyu alikuwa mbunge aliyechaguliwa na wananchi wa jimbo zima. Wengi tunaikumbuka suruali ile. Ni wangapi tunakumbuka ajenda ya Bunge siku hiyo?

Hakuna anayesema Bunge au studio visiwe na utaratibu wa mavazi. Kila kazi ina sare au staha yake, na sisi ni watu wenye mila. Swali ni je, utaratibu unawabana wote sawasawa, na unaishia kwenye nguo, au unaingia mpaka kwenye uzito, umri na ngozi ya mtu?

"LAKINI SI NDIYO KAZI YAO?"

Hoja hii ina uzito wake. Aliyechagua TV kachagua kutazamwa, na wapo kina dada ambao mitindo ndiyo biashara yao, wanafurahia kusifiwa na wanajua kuitumia. Hongera kwao. Kusema "leo kapendeza" si dhambi.

Ila mtazamaji haondoki na gauni, anaondoka na imani. Catherine Kasavuli alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma habari mubashara kwenye televisheni Kenya, KTN ilipoanza mwaka 1990. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mwaka 2021, KBC ilimrudisha kwenye skrini pamoja na wakongwe wenzake. Mpaka anafariki Desemba 2022, watu walikuwa bado wanamkumbuka kwa sauti na utulivu wake. Mtu anafikiaje hapo? Kwa kuachwa azeeke akiwa kazini. Kituo kinachobadilisha sura kila baada ya miaka michache hakimpi mwanamke nafasi ya kuaminika.

WEWE NA MWENZIO KWENYE KOCHI

Sasa turudi kwako. Ukiwa unatazama na mwenzio, unapomchambua dada wa kwenye TV kiuno, makalio na umri, yule dada hakusikii. Anayekusikia ni mkeo, au mchumba, aliyekaa kando yako. Naye anapiga hesabu: "Kumbe hicho ndicho kipimo. Nikifika miaka 45 itakuwaje?" Na kama kuna binti wa miaka tisa anayecheza pale kwenye zulia, naye kashapata somo lake kwamba msichana hata akisoma mpaka akafika kwenye TV, watu watauliza kwanza kuhusu nywele zake. Kaka zangu, hili mlifikirie.

Kina dada nanyi, ule utani wa kumponda mwenzenu ukumbi mzima ucheke, kesho unaweza kuhamia kwako ukiwa umesimama mbele ya wakurugenzi na ripoti yako mkononi.

Jaribuni haya wiki hii:

1. Kabla hujasema lolote kuhusu alichovaa, taja jambo moja alilosema. Ukishindwa, omba msamaha kwa rimoti.

2. Fanya jaribio la kugeuza. Maneno uliyotaka kusema juu yake, ungeyasema kuhusu kaka wa pembeni? Kama yangesikika kichekesho, yaache.

3. Tumieni jozi iliyo tayari. Rashid Abdalla na Lulu Hassan ni mume na mke walioanza kusoma habari pamoja Citizen TV mwaka 2018. Tafuteni taarifa yao yoyote, muitazame hadi mwisho, kisha kila mmoja aandike anachokumbuka kuhusu mke na kuhusu mume. Linganisheni karatasi.

4. Ukitaka kumsifu mtangazaji, sifia kazi: swali gumu alilouliza, Kiswahili chake safi, waziri aliyembana mpaka akajibu. Vituo husoma maoni. Kama maoni yote ni ya magauni, bosi naye ataajiri magauni.

5. Na kama wewe ndiye bosi, weka masharti ya mavazi kwenye karatasi moja, yawe ya wote, na posho iendane na unachokidai.

Nguo nzuri tutaendelea kuzipenda, na fundi aliyeshona gauni zuri apewe sifa zake. Lakini yule dada alisoma shule, akakimbizana na habari mchana kutwa, na usiku huu ana jambo la kukwambia kuhusu kodi yako, maji yako na shule ya mwanao. Ongeza sauti kidogo.