Kitalu Kitangulie Masika

Kaskazi imeanza kulegea. Joto la usiku limezidi, na jioni mawingu hukusanyika juu ya bahari bila ya kuleta kitu. Si muda mrefu yataingia maleleji, wakati upepo hauna upande maalumu, kisha masika, ambayo visiwani mwetu huanza Machi na kumalizika Mei.

Wazee wetu walizihesabu siku hizi tangu Siku ya Mwaka: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za ziada. Hesabu hiyo haina mwaka mrefu, na ikiachwa hivyo husogea siku moja kila miaka 4. Kwa hiyo mkulima makini hakuacha kuutazama upepo. Leo tunao pia utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Anayengoja kumbikumbi waruke ndipo atafute mbegu amekwisha kuchelewa.

Kwani bilingani na pilipili huhitaji wiki 4 hadi 6 kitaluni kabla ya kuhamishwa. Tuta la upana wa mita 1, lililoinuliwa kidogo, lenye samadi iliyooza. Mbegu zifukiwe kina cha sentimita 1, na juu yake kivuli cha makuti. Hayo hata ua mdogo wa nyumba unayaweza. Miche isisongamane wala isinyweshwe mno, maana hapo ndipo kinyausi kinapolaza tuta zima. Wiki ya mwisho kivuli kipunguzwe ili miche ilizoee jua. Nyanya, kwa maoni yetu, zingoje mvua ipungue, bakajani huziangamiza.

Hapa tungependa kusema na wahusika. Mbegu zinazogawiwa mvua ikiwa imekwisha kushika hazimfai mwananchi, hata zikiwa za bure. Zinapaswa kuwa mikononi mwake mwezi wa Februari. Na kabla ya kugawiwa, Bwana Shamba achukue mbegu 100 za kila aina, azifunge katika kitambaa chenye unyevu na kuzingoja siku 14. Zikichipua chini ya 70, mzigo urudishwe ulikotoka. Mwenye bustani naye aweza kujaribu hivyo kwa mbegu 10.

Watu wa uwandani, penye mawe mengi kuliko udongo, wafikiwe kwanza. Wao huotesha katika sufuria kuukuu na mapakacha, na kujaza udongo mashimo ya mawe kwa ajili ya miche ni kazi ya siku nyingi.