Maji peke yake hayaleti umeme: mwekezaji anatafuta nini kwetu?



Katika mikutano ya amani tunayofanya Nyangwe na vijiji vya jirani, kuna swali linalorudi kila mara. Mto Lualaba unapita mbele ya macho yetu, mkubwa namna hii, na usiku ukiingia tunawasha taa za betri. Mbona hakuna mtu anayeleta pesa na kujenga mtambo wa umeme? Wengine wanajibu upesi kwamba tumesahauliwa. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi, na linatuzuia kuona kazi ambayo ni yetu wenyewe.

Tuanze na maji. Umeme hautoki katika wingi wa maji tu, unatoka katika maji yanayoanguka. Hapa Nyangwe mto umetulia, na ndiyo sababu mitumbwi na boti zinapita vizuri kati ya Kasongo na Kibombo. Maporomoko makali yako juu, karibu na Kongolo, pale panapoitwa Portes d'Enfer. Kuufunga mto kama Lualaba ni kazi ya pesa nyingi sana, na umeme wa namna hiyo mara nyingi hausimami kijijini. Inga 1 ilianza mwaka 1972 na Inga 2 mwaka 1982, na waya mrefu wa kilomita kama 1,700 ukavutwa mpaka Kolwezi kwa ajili ya migodi ya shaba. Vijiji vingi vilivyo chini ya waya ule vilibaki gizani.

Kwa hiyo tutazame vijito vya milimani, hasa kuelekea Kabambare. Lita 1,000 za maji kila sekunde zikianguka mita 10 zinaweza kutoa kilowati 70 hivi. Hizo zinatosha kuzungusha mashini chache za kukoboa mpunga, kuwasha kituo cha afya na kuweka taa katika nyumba nyingi. Ila maji yapimwe mwezi wa Julai au Agosti, wakati wa kiangazi. Kijito kinachonguruma mwezi wa Aprili kinaweza kukudanganya.

Je, sheria inaruhusu? Ndiyo. Zamani SNEL ilishika kila kitu. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango kwa makampuni na watu binafsi kuzalisha na kuuza umeme. Mwaka 2016 zikaundwa ofisi mbili: ARE, inayosimamia soko la umeme, na ANSER, inayoshughulikia umeme wa vijijini. Mlango uko wazi, basi kwa nini watu hawaingii?

Mwenye pesa anauliza kwanza: nani atanunua umeme? Taa za nyumbani peke yake hazilipi mtambo. Katika wilaya ya Mufindi, Tanzania, mtambo wa Mwenga wa megawati 4 ulianza kazi mwaka 2012. Ulikuwa na mashamba ya chai jirani, ukauza umeme mwingine kwa shirika la TANESCO, na vijiji vikaunganishwa pamoja nao. Huko Mutwanga, Kivu Kaskazini, mtambo mdogo uliojengwa kwa juhudi za Hifadhi ya Virunga ulianza mwaka 2013, na kiwanda cha sabuni kinachotumia mafuta ya mawese kikaja kufunguliwa pale. Sisi huku tuna mpunga na mawese. Mashini zetu zinakunywa mazuti yanayofika kwa barabara mbaya na kwa bei ya kulia. Wenye mashini wa Kasongo na Nyangwe wakikaa pamoja na kuandika kila mmoja anatumia lita ngapi kwa mwezi, karatasi hiyo itamvuta mwekezaji kuliko hotuba kumi.

Swali lake la pili ni usalama, na hapa hatuwezi kujidanganya. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, kule Kabambare, ulianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016 chini ya kampuni ya Banro ya Kanada. Septemba 2019 kampuni ikasimamisha kazi kwa sababu ya makundi yenye silaha. Na dhahabu inatolewa upesi, tena inabebeka. Mtambo wa maji haubebeki. Pesa yake inarudi polepole, kwa miaka 15, 20 au zaidi, na mkopeshaji anataka kujua nani atakuwa mlimani miaka yote hiyo. Matebe, karibu na Rutshuru, ni mtambo wa megawati 13 na kitu, uliofunguliwa Desemba 2015 kwa pesa nyingi za ruzuku kutoka kwa wafadhili. Mikopo ilifuata baadaye, watu walipoona umeme unauzika. Hata hivyo vita vilirudi. Rutshuru iliingia mikononi mwa M23 Oktoba 2022, na Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, mji ule ulikaa bila umeme wala maji. Amani, basi, inahesabiwa ndani ya gharama za mtambo kama vile saruji na nyaya.

Swali la tatu ndilo linalotugusa zaidi sisi tunaofanya kazi na familia zilizohama: ardhi ni ya nani?

Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Lakini kila mtu anajua shamba la mawese lile pale kijitoni lilipandwa na babu wa nani. Siku mpimaji akifika, ataandika wale anaowakuta. Familia iliyokimbia mapigano ya upande wa Salamabila na kupanga chumba Kasongo haitakuwapo. Jirani ataonyesha shamba na kusema ni lake, pengine kwa nia njema, maana amelilima miaka mitatu. Fidia italipwa, na mwenyewe atarudi kukuta bomba la maji na jirani mwenye baiskeli mpya. Ugomvi wa namna hiyo unaweza kuwasha tena moto tuliochoka kuuzima.

Jambo hili si la kukubali tu kama ilivyo. Kanuni za Benki ya Dunia zilizoanza kutumika Oktoba 2018 zinasema kwamba katika kuhesabu watakaoguswa na mradi, yafikiriwe pia madai ya watu wasiokuwapo kwa sababu halali. Kukimbia risasi ni sababu halali. Kiongozi wa kijiji anaweza kulisema hilo mbele ya mgeni bila kuogopa. Na mpango wa mradi unaweza kubadilika: kwa mtambo wa Rusumo wa megawati 80, kwenye mpaka wa Rwanda na Tanzania, wazo la kwanza la bwawa la kuhifadhi maji liliachwa, ukachaguliwa mtambo unaotumia maji yanavyopita, ili watu wachache zaidi wahamishwe na mashamba machache zaidi yafunikwe.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa sekta na wa vijiji, pamoja na kamati za wahamaji, waanze orodha sasa, kabla mgeni hajafika. Iandike jina la kijito, mipaka ya shamba kwa miti na mawe yanayojulikana, aliyelima zamani, anayelima leo, na mahali familia ilipo. Wajane waandikwe kwa majina yao wenyewe, wala si kwa jina la shemeji. Nakala moja ikae kwa mkuu wa sekta, nyingine kwa kamati ya wahamaji, ya tatu kwa wanaobaki kijijini. Na mtu yeyote akija kuomba mchango wa dola tano tano "kwa ajili ya faili ya umeme", mwombeni barua ya utawala kwanza. Mwekezaji wa kweli haanzi kwa kuchangisha wahamaji.

Katika mikutano yetu ijayo tutafanya kazi hiyo pamoja nanyi. Kila familia ije na mtu mmoja anayeikumbuka mipaka vizuri. Mara nyingi ni bibi au babu. Kama hawezi kutembea, tuambieni, tutamfuata nyumbani.